Milimita Kumi na Moja

Mvua ilinyesha Bondeni siku ambayo hakuna aliyeweza kusema ni ya mwaka gani. Siku ya wiki ilijulikana, Jumatatu. Saa nayo ilijulikana, saa tisa alasiri na dakika chache. Hata mwezi ulijulikana, maana ulikuwa mwezi wa vuli, na watu wa Bondeni waliijua zamu ya vuli kama mke anavyoijua saa ya mume mlevi kurudi nyumbani, hata siku asiporudi. Mwaka ndio uliopotea. Kiangazi kilipogoma kuondoka, Ofisi ilitangaza kwamba mwaka usio na mavuno haujakamilika, na kisichokamilika hakihesabiwi. Basi vuli nne na masika manne yakapita makavu, na yote yakapewa jina moja: mwaka huu.

Mambo mengi yalikwama ndani ya mwaka huu. Watoto waliozaliwa humo walikuwa wanakimbia na kutukanana njiani, lakini kitabuni mwa Ofisi walikuwa wachanga wasiotimiza miezi kumi na miwili. Waliokufa humo walikuwa bado hawajafa, kwa sababu vifo huandikwa mwaka unapofungwa, na huu haukufungwa. Na Mkiwa binti Sadala, mpima mvua wa Bonde, aliyeingia katika mwaka huu akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, kitambulisho chake kilisisitiza kuwa ni hamsini na miwili bado, ingawa magoti yake yalikuwa na hesabu nyingine kabisa.

Mumewe, Ngwali, aliteremka kisimani katika vuli ya pili ya mwaka huu ili akwangue matope ya mwisho. Ukuta wa kisima ukamwangukia. Wanaume walichimba siku mbili, wakamtoa, wakamkafini, wakamzika upande wa kilima. Mkiwa alipokwenda Ofisini kuandikisha, karani alifungua kitabu, akasoma, akamwonyesha kwa kidole mstari ulioandikwa kwa wino mweusi: *Ngwali, amekwenda kisimani*. Hapo ndipo alipokuwa hadi leo. Mtu yeyote angefungua kitabu kile angeona kwamba Ngwali amekwenda kuchota maji, na kwamba hajakawia.

Sasa mvua.

Mkiwa alikuwa uani akipepeta mtama wa msaada aliposikia kitu kinagonga bati. Akadhani ni ndege. Kikagonga tena, kisha mara tatu kwa pamoja, kisha bati lote likapiga kelele kama watu walioamshwa wakati mmoja. Aliuacha ungo ukaanguka. Alitoka hadi katikati ya uwanja, akanyanyua uso, akafumbua kinywa kama kinda, na akalia kwa sauti, mwanamke mzima, mtumishi wa Ofisi kwa miaka ishirini na miwili kabla ya mwaka huu. Hakuona haya. Jirani yake Sikudhani, aliyekuwa na ng'ombe tisa na sasa hakuwa na hata kamba ya kumfungia mmoja, alitoka naye akiwa amembeba mjukuu wake Hidaya. Mtoto huyo alikuwa hajawahi kuona mvua. Alijifunika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Bibi," akasema, "nani anatutupia?"

Sikudhani akacheka hadi akakaa chini matopeni. "Hakuna anayetutupia, mama. Tunapewa."

Mvua ilishuka hadi karibu na magharibi, ikakatika ghafla, kama mtu aliyekumbuka kwamba ana safari.

Asubuhi ya Jumanne Bonde lilikuwa na harufu ambayo watu walikuwa wameisahau. Mbuzi walikuwa wanakunywa maji yaliyotuama kwenye nyayo za watu. Lambo, lililokuwa limepasuka kama kisigino, lilikuwa na maji ya kufika kwenye vifundo. Vyura walilia, na watu wakaulizana walikuwa wamejificha wapi siku zote hizo, na walikuwa wakila nini. Mkiwa aliyapokea yote hayo kwa moyo mweupe. Isije ikasemwa hapa kwamba alikuwa mtu wa kununa mbele ya neema. Alioga. Kwa mara ya kwanza katika mwaka huu alioga mwili mzima kwa maji ambayo hakuyapangia foleni, kisha akavaa gauni lake la kazi, akaenda nyuma ya nyumba kwenye kipima mvua.

Kanuni inataka kisomwe saa tatu asubuhi. Alisubiri saa tatu. Akaitoa chupa ya mistari iliyokuwa ndani yake, akaishika usawa wa macho, akasubiri maji yatulie, akasoma. Akasoma tena. Kumi na moja.

Milimita kumi na moja. Mkiwa alijua kumi na moja ni nini. Ni vumbi kulala, koo kulainika, majani kuchipua haraka kwa kudanganyika. Ili mbegu iingie ardhini na iishi, Bonde lilihitaji mara kumi ya hiyo, tena si kwa siku moja. Aliandika daftarini: *11*. Alikuwa bado hajafunika kalamu aliposikia hodi.

Aliyebisha alikuwa Bwana Tegemea, mjumbe wa Ofisi, mtu wa makamo mwenye sauti ya taratibu na viatu vya ngozi. Viatu vilikuwa vimejaa tope, naye alikuwa anavitazama kwa furaha, kama mtu aliyevishwa taji miguuni.

"Shikamoo, Bi Mkiwa."

"Marahaba. Karibu."

"Nimekaribia. Hongera ya mvua."

"Hongera sote."

Alikaa kwenye kigoda bila kukung'uta chochote, akatoa karatasi ndani ya jalada la plastiki. Ilikuwa imeshapigwa chapa. Juu kabisa iliandikwa HATI YA KUKOMA KWA UKAME. Chini kulikuwa na nafasi mbili tupu: moja ya tarakimu, moja ya sahihi.

"Umesoma ngapi, mama?"

"Kumi na moja."

Bwana Tegemea akatikisa kichwa polepole, kama daktari anayesikia maumivu yako wapi. "Kumi na moja ni mwanzo mzuri," akasema. "Sasa, mimi sikuombi udanganye. Nakuheshimu kuliko hivyo. Nakuomba sifuri moja tu."

"Sifuri?"

"Moja tu, pale mwisho. Fikiri, Bi Mkiwa. Sifuri ni nini? Si kitu. Mtu akikuuliza una mbuzi wangapi, ukamjibu sifuri, umemwambia huna kitu. Basi nami nakuomba uniongezee kitu ambacho si kitu."

"Kama si kitu, unakitakia nini?"

Alicheka. Kisha, alipoona anacheka peke yake, akaacha.

"Ofisi imechoka, mama," akasema.

"Imechoka? Imebeba ndoo gani?"

 Bwana Tegemea akaanza kueleza, kwa upole uleule, kwamba Alhamisi Mheshimiwa mwenyewe, mkuu wa Ofisi na mwenye muhuri wake, angekuja Bondeni kupanda mbegu ya kwanza. Hati ingesomwa, ingepigwa muhuri, na mwaka huu ungefungwa. Kila kaya ingepewa mfuko wa mbegu. Na kwa kuwa ukame utakuwa umekoma, lile boza, gari la maji linalokuja Bondeni mara mbili kwa wiki, lingeondoka kwenda kwenye kazi nyingine.

"Kazi gani?"

"Za maendeleo."

"Na watu watakunywa nini?"

"Watu watakuwa wameshakunywa," alisema Bwana Tegemea, na akaonekana kushangaa kwamba jambo lililo wazi hivyo linahitaji kuelezwa. "Ukame ukikoma, Bi Mkiwa, mwenye kiu anatoka wapi? Wote mtaandikwa *wamekwisha kunywa*. Hilo ndilo fungu lenu kitabuni."

Kisha akainama mbele, akashusha sauti, na Mkiwa akajua kwamba linalokuja sasa ndilo alilotumwa.

"Na mwaka ukifungwa, vifo vitaandikwa. Marehemu mzee Ngwali ataandikwa. Sahihi yako ndiyo itakayomtoa kisimani, mama. Miaka mingapi yule mzee anachota maji?"

 Mkiwa aliishika chupa ya kipimo kwa mikono miwili. Aliliona wazi: mstari mweusi unakatwa, mwingine unaandikwa, na yeye anaambiwa kwa mara ya kwanza kile alichokijua tangu siku ya maziko. Kitu kama usingizi kilimjia. Ilikuwa rahisi mno. Mviringo mmoja mdogo wa wino.

"Niachie karatasi," akasema.

"Nitaifuata kesho jioni," alisema Bwana Tegemea. Alinyanyuka, akavitazama tena viatu vyake, akaenda zake.

*

Nusu ya kitu ni nini? Mkiwa aliliuliza swali hilo akitembea Jumatano asubuhi kuelekea shambani, jembe begani, akipita kando ya lambo ambalo nyufa zake zilikuwa zimeshayanywa maji yote. Nusu ya ndoo ni maji, yananyweka. Nusu ya daraja inakufikisha katikati ya mto, basi. Nusu ya wito ni kelele tu. Nani basi mwenye mamlaka ya kuamua nusu hii ya mvua ni ya ndoo au ya daraja? Anayepewa, au anayetoa? Au yule anayesimama kando na muhuri mkononi, asiyetoa wala kupewa, asiyeumba hata tone, akisubiri tu litone ili adai kwamba ni lake?

Hilo ndilo lililomchoma. Mvua haikuletwa na Ofisi. Kiangazi kilipochoma, Ofisi ilisema hiyo ni kazi ya mbingu, watu wavumilie. Sasa mbingu zimetema mate kidogo, Ofisi imekuja mbio kuyawekea muhuri. Shida ikawa ya Mungu, nafuu ikawa ya Ofisi. Na kiu? Kiu ya nani? Alijaribu kukiona kile kitu ambacho watu wangekuwa nacho kooni Ijumaa asubuhi, baada ya kuandikwa kwamba wamekwisha kunywa. Kingekuwa bado kinaunguza. Lakini kingekosa jina. Mtu angeshika koo lake, angemwendea jirani, angefumbua kinywa kusema, na neno lisingekuwapo. Angeona aibu. Angedhani ni ugonjwa wake peke yake.

Na yeye? Yeye ndiye angekuwa amelifuta lile neno.

Ngwali. Ngwali, niambie. Nikikutoa kule kisimani, nitawatia wangapi humo?

Alifika shambani, akapiga jembe. Udongo wa juu ulikuwa mweusi, laini, wenye harufu ya kupasua moyo. Alifukua kwa mkono, akaingiza kidole cha shahada. Unyevu ulifika kwenye pingili ya pili. Chini ya hapo palikuwa na vumbi, vumbi la moto, jepesi kama majivu ya jikoni, linalopeperuka ukilipulizia. Wakulima wa Bondeni hawapandi mpaka unyevu uzamishe kiganja hadi kifundo cha mkono. Akachimba mahali pengine. Pingili ya pili. Akachimba chini ya kivuli cha mwamba ambako maji hukawia. Pingili ya tatu. Akakaa chini katikati ya mashimo yake, jasho likimtoka, hasira ikimpanda taratibu kutoka miguuni kama maji yanavyopanda kwenye utambi.

Sikudhani alimkuta hapo. Alikuwa amekuja peke yake, na hakusalimia, naye si mtu wa kutosalimia.

"Ni kweli umekataa?"

"Sijakataa. Sijasaini."

"Mkiwa, ndugu yangu, saini." Alipiga magoti kando ya shimo. "Hidaya ana meno yote kinywani. Anajua kuhesabu hadi thelathini. Nimempeleka zahanati, wameniambia dawa yake ni ya mtoto wa umri wake, na umri wake, kitabuni, ni miezi tisa. Wakampa ya miezi tisa. Nimempeleka shule, wameniambia wachanga hawapokelewi. Ule mwaka usipofungwa, yule mtoto hatakua. Unanielewa? Hatakua!"

"Tazama humu," alisema Mkiwa, akamshika mkono, akaushusha shimoni.

Sikudhani alishika lile vumbi. Yeye pia alikuwa mkulima. Hakuna la kumfundisha. Alilinyanyua, akalichuja katikati ya vidole, akalitazama likienda na upepo.

"Najua," akasema kwa sauti ndogo. "Unadhani sijachimba kwangu?"

"Basi?"

"Basi nimechoka kujua."

 Sikudhani alinyanyuka, akajifuta mikono kwenye khanga. "Boza likiondoka tutakufa," akasema. "Mwaka usipofungwa nao tutakufa. Chagua wewe, uliyesoma." Akaenda bila kugeuka nyuma.

Jioni hiyo Bwana Tegemea alipokuja, Mkiwa alimrudishia hati. Penye tarakimu aliandika 11. Penye sahihi aliacha wazi. Bwana Tegemea aliitazama karatasi kwa muda mrefu, bila hasira, kwa huzuni ya kweli.

"Ungetusaidia, mama," akasema. "Sasa itabidi tujisaidie."

*

Alhamisi, saa nne asubuhi, uwanja wa mkutano ulijaa. Jukwaa lilikuwa limepambwa kwa vitambaa vya kijani kibichi, rangi ambayo watoto wengi walikuwa wanaiona kwa wingi kwa mara ya kwanza. Mheshimiwa alikaa katikati, mavazi meupe, chupa tatu za maji mbele yake, hakuna iliyofunguliwa. Mbele ya jukwaa palikuwa na shimo dogo la mviringo, limechimbwa tayari, limemwagiwa maji tayari, na pembeni yake jembe jipya lenye utepe. Mifuko ya mbegu ilipangwa nyuma. Kando ya uwanja boza lilisimama likiunguruma, dereva wake kwenye usukani, tayari kwa safari. Lilikuwa bado na maji ya zamu ya Alhamisi ambayo hayakuwa yamegawiwa.

Mkiwa alisimama nyuma kabisa, jembe lake mkononi. Alikuja kuona tu watafanya nini bila yeye.

Bwana Tegemea alishika kipaza sauti. "Tunamwita sasa," akasema, "mtumishi wetu mwaminifu, mama yetu aliyepima kila tone la Bonde hili kwa miaka ishirini na miwili. Bi Mkiwa binti Sadala!"

Na Bi Mkiwa binti Sadala akapanda jukwaani.

Alikuwa mwanamke mwembamba, wa umri uleule, amevaa gauni la kazi la rangi ileile, ila jipya. Alishika mkononi chupa ya mistari. Alitembea kama Mkiwa, kwa kulivuta kidogo goti la kushoto. Mkiwa aliyekuwa nyuma alijigusa goti. Kwa muda mfupi, muda ambao baadaye aliuonea aibu kuliko kitu chochote maishani mwake, alijiuliza: na kama ni yeye kweli? Kama mimi ndiye niliyesimama hapa kwa makosa? Watu walimwona yule jukwaani, wakageuka wakamwona huyu wa nyuma, wakageuka tena mbele. Watu wote walijua, na hakuna aliyefungua kinywa. Mmoja akapiga makofi, taratibu, kisha wengine wakafuata, macho yao yakitazama chini.

"Nimepima," alisema yule mwanamke, akisoma kwenye karatasi, na sauti yake ilikuwa kavu mno, "milimita mia moja na kumi."

Makofi yaliyofuata yalimfungua Mkiwa miguu. Alipita katikati ya watu, nao wakampisha bila kumtazama. Alifika mbele ya jukwaa, hatua moja kutoka lile shimo la Mheshimiwa lililomwagiwa maji.  Alinyanyua jembe akalishusha. Pigo la kwanza lilitoa udongo mweusi. La pili likatoa wa kahawia. La tatu likatoa vumbi, na upepo ulikuwa unavuma kuelekea jukwaani.

Mheshimiwa akakohoa. Vumbi lilitua kwenye mavazi meupe, kwenye vitambaa vya kijani, kwenye chupa tatu.

"Nani huyu?" akauliza.

Bwana Tegemea alisogea kwenye kipaza sauti. "Ni mama mmoja," akasema. "Hana jina maalumu, Mheshimiwa. Jua limemchosha."

Mkiwa akaendelea kupiga. Sasa alikuwa anasema, si kwa sauti kubwa, kila pigo na neno lake: "Mvua. Mliyoikuta. Mnaiuza. Kwa walionyeshewa nayo. Njooni. Mtie mikono. Tieni mikono humu!"

Askari wawili walimshika. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka katikati ya watu.

"Muacheni! Huyo ndiye Mkiwa!"

Ilikuwa Sikudhani. Alikuwa amesimama na Hidaya mgongoni, miguu mirefu ya mtoto ikining'inia hadi chini ya magoti ya bibi yake. Uso wake ulikuwa umelowa machozi, kwa kuwa alijua anachokitupa.

"Mimi ni jirani yake tangu tukiwa wasichana. Mumewe alikufa. Alikufa, jamani, tulimzika, mimi nilipika kwenye msiba wake! Na huyu mgongoni kwangu ana miaka minne. Minne! Msipomwandika msimwandike, lakini msiniambie amekunywa wakati tangu jana anaomba maji!"

Hakuna aliyeamuru. Mzee mmoja alichukua lile jembe lenye utepe, la Mheshimiwa, akachimba pale alipokuwa amesimama. Wanawake waliokuwa na majembe nyumbani wakakimbia kuyaleta. Wasiokuwa nayo wakachimba kwa vijiti, kwa sahani, kwa kucha. Uwanja mzima ukageuka mashimo, na kutoka kila shimo vumbi likapanda, wingu la vumbi, zito kuliko lile wingu la Jumatatu, hadi jukwaa likawa halionekani. Mlango wa gari ukasikika ukibamizwa. Vumbi lilipotulia, Mheshimiwa hakuwapo, na muhuri wake alikuwa ameondoka nao.

Boza likapiga honi likijaribu kuondoka. Wanawake walikuwa wameshakaa chini mbele ya magurudumu, madumu yao mapajani. Bwana Tegemea alikwenda hadi kwa dereva. Alisimama pale, tope la Jumatatu limekauka kwenye viatu vyake, na hakuna aliyejua atasema nini, labda hata yeye mwenyewe.

"Zima," akasema. "Hesabu itarudiwa."

Basi, hilo ndilo lililopatikana. Boza lilibaki, ingawa kuanzia juma lililofuata lilikuja mara moja badala ya mbili. Mbegu hazikugawiwa. Hati haikupigwa muhuri, mwaka huu haukufungwa, na kitabuni Ngwali aliendelea kuchota maji. Mkiwa alivuliwa kazi siku hiyohiyo. Akitaka kujipiga kifua, hakuwa na la kujipigia.

Mchana ule, foleni ya maji ilipokuwa imejipanga pembeni ya boza, Mkiwa alisimamishwa kwenye bomba ili agawe, kwa kuwa watu hawakumwamini mtu mwingine kwa kipimo. Alikuwa bado anahema kwa hasira. Kata kwa kata, dumu kwa dumu. Kisha mbele yake akasimama yule mwanamke wa jukwaani. Hakuwa na dumu. Alikuwa ameishika ile chupa ya mistari, tupu, ameinyoosha kwa mikono miwili.  Mtu mmoja akatema mate chini.

"Nani wewe?" aliuliza Mkiwa. Alitaka kumpiga.

"Walinipa jina lako na glasi moja ya maji," alisema yule mwanamke. "Wakanifundisha kuchechemea njia nzima garini."

"Nakuuliza jina lako."

Mwanamke alifikiri. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na Mkiwa aliona sasa kwamba gauni jipya lilikuwa limepwaya mwili mzima, kama lililotundikwa kwenye mti mkavu.

"Natoka bonde la pili, nyuma ya vilima," akasema. "Kwetu ukame ulikwisha zamani. Ilinyesha milimita nne. Mpima wetu alisaini, tukacheza ngoma siku tatu."

"Na watu wenu? Wako wapi?"

"Wamekwisha kunywa."

Alilisema kama anavyosema mtu jina la mahali. Hakuna aliyeuliza maana yake. Sikudhani, aliyekuwa anafuata katika foleni, alimteremsha Hidaya mgongoni, akalisukuma dumu lake pembeni, akampisha. Mkiwa aliishika mikono ile iliyoinyoosha chupa, akafungua bomba, akaijaza hadi ikafurika, ikamwagika ardhini, na hakuna mtu kwenye foleni aliyelalamika. Mwanamke alikunywa. Akajazwa tena. Akanywa tena, amefumba macho, koo lake likipanda na kushuka. Alipomaliza alijitafuta kichwani, kama mtu anayepekua chumba chenye giza.

"Mwanaidi," akasema hatimaye. "Naitwa Mwanaidi. Mama yangu aliitwa Siwema. Watoto wangu walikuwa watatu." Akawataja watoto. Akataja majirani. Akataja nyumba ya kwanza kushoto ukitoka kwenye kisima chao, na ya pili, na waliokuwamo. Jua likawa kali, maji yakabaki bombani, na watu wa Bonde wakasimama pale na madumu yao matupu, wakimsikiliza, wala hakuna aliyemwambia aharakishe.